Namba Isiyo na Kizio Usiipeleke Jikoni

Anayepika mafuta ya nazi Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, hahitaji kalenda kujua kwamba msimu wa kusi umeingia. Asubuhi za Julai mafuta huganda chupani, yakawa meupe na mazito, hayatoki mpaka chupa ianikwe juani. Ikifika Januari, kaskazi inapovuma, chupa ile ile hukaa wiki nzima bila dalili ya mgando. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko karibu na nyuzi 24 za Selsiasi. Wafanyabiashara wa mafuta duniani wanaujua mpaka huo pia, ila wao huuandika kwa namba nyingine: mafuta ya nazi ya kawaida huitwa katika biashara hiyo mafuta ya “76”. Joto ni lile lile. Limepimwa kwa Farenhaiti badala ya Selsiasi, na kwenye dumu au tangazo mara nyingi kizio hakitajwi.

Naanza na mafuta kwa sababu yanagusa riziki. Vikundi vya akina mama wa pwani ya Tanga vinavyotengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi, vingine vikitia na mwani, siku hizi hujifunza mapishi kwenye simu. Mengi ya mapishi hayo yameandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. Utasoma: subiri mafuta na maji ya kostiki soda yapoe hadi 110, kisha changanya. Mwenye kuandika alimaanisha Farenhaiti, yaani nyuzi 43 za Selsiasi, joto ambalo mkono unaweza kulivumilia ukiushika ubavu wa chombo. Sasa mfikirie msomaji wa Kigombe mwenye kipimajoto cha Selsiasi, anayeyachemsha mafuta yake mpaka 110 kwa uaminifu kamili, kisha anamimina maji ya kostiki ndani yake. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Yakiingia kwenye mafuta yenye joto kuliko hilo huweza kugeuka mvuke papo hapo, chungu kikafura na kurusha kostiki usoni. Hapo sabuni ni hasara ndogo. Wasiwasi wangu ni macho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea: ukikutana na namba ya joto isiyo na kizio, isimamishe mlangoni. Usiikaribishe jikoni mpaka ujue ni ya nani. Mara nyingi pishi lenyewe litakufichulia. Tazama namba nyingine zilizo karibu. Kama maji yanachemka kwa 212, au tanuri ni la 350, au joto la chumba ni 70, basi mwandishi anatumia Farenhaiti. Kama uzito umetajwa kwa aunsi na ratili, shuku hivyo hivyo. Ukikosa dalili yoyote, liache pishi hilo utafute jingine; yako mengi.

Kubadili si kazi ngumu, na nashauri uijue kwa kichwa kwa sababu betri ya simu huisha. Ukitoka Selsiasi kwenda Farenhaiti, zidisha namba kwa mbili, toa sehemu moja ya kumi ya ulichopata, kisha ongeza 32. Nyuzi 40: mara mbili ni 80, toa 8 inabaki 72, ongeza 32 unapata 104. Ukirudi, anza kwa kutoa 32, gawa kwa mbili, ongeza sehemu moja ya kumi. Kwa 110: toa 32 inabaki 78, nusu yake 39, ongeza karibu 4, unapata 43. Njia hii ya kurudi hukosea kwa sehemu ndogo ya nyuzi, na kwa sabuni hiyo haidhuru.

Kuna mtego mmoja ambao hata waliosoma hunaswa nao. Kubadili kiwango cha joto si sawa na kubadili tofauti ya joto. Pishi likisema mafuta na maji ya kostiki visipitane kwa zaidi ya nyuzi 10 za Farenhaiti, usitoe 32. Tofauti haina sifuri ya kuanzia. Gawa kwa 1.8 tu, upate kama nyuzi tano na nusu za Selsiasi. Anayetoa 32 hapo atapata namba hasi, na namba hasi kama hiyo ndiyo kengele ya kumwambia kwamba amepotea.

Inafaa kujua vipimo hivi vilikotoka, maana asili yake ndiyo inayoeleza kwa nini namba zake hazipatani. Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi wa vipimajoto vya zebaki aliyezaliwa Danzig, alitangaza kipimo chake mwaka 1724, na sifuri yake aliichukua kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, baridi kali kuliko barafu tupu. Mwanafalaki wa Uswidi, Anders Celsius, alipendekeza mwaka 1742 kugawa nafasi kati ya barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka katika sehemu mia moja. Yeye alianza kinyume: 0 ilikuwa ya maji yanayochemka na 100 ya barafu. Waliomfuata ndio walioigeuza. Kisha mwaka 1848 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, akaeleza kipimo kinachoanzia kwenye ubaridi wa mwisho kabisa, ambao hauwezi kupitwa, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kelvini nitairudia kwa ajili ya wanafunzi. Jikoni hatuihitaji.

Tukiacha joto, vizio vya uzito na ujazo huharibu sabuni nyingi zaidi, na uharibifu wake hauonekani mpaka ngozi ya mteja ianze kuwasha. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na vipimo hivyo vilitosha kwa sababu mchele ukizidi kidogo hakuna anayeungua. Kostiki haina msamaha huo. Kila gramu ya mafuta ya nazi inahitaji takriban gramu 0.183 za kostiki soda ili igeuke yote kuwa sabuni. Gramu 1000 za mafuta zinahitaji gramu 183. Mtengenezaji mwangalifu hupunguza asilimia tano ili mafuta kidogo yabaki huru na kostiki yote iishe, kwa hiyo anapima gramu 174, pamoja na maji kama gramu 350.

Sasa tazama kinachotokea mtu akichukulia kwamba lita moja ya mafuta ni kilo moja. Sivyo. Lita moja ya maji ndiyo yenye uzito wa karibu kilo moja. Mafuta ni mepesi, na lita moja ya mafuta ya nazi ina uzito wa gramu 920 hivi. Gramu 920 zinahitaji gramu 168 tu za kostiki. Aliyetia 174 amezidisha gramu sita, na ile akiba ya asilimia tano aliyodhani anayo imekwisha yote. Kipande kitakuwa kigumu, cheupe, kizuri machoni, na ndani yake kuna kostiki iliyokosa mafuta ya kuungana nayo. Hesabu za sabuni zote ni za uzito. Pima mafuta kwa mizani, pima kostiki kwa mizani, pima maji kwa mizani. Kijiko, kopo na kizibo cha chupa viache kabisa: kostiki ya vipande bapa na ile ya punje hazijazi kijiko kwa uzito sawa, na kwenye hewa yenye unyevu kama ya Kigombe kostiki iliyoachwa wazi hunywa maji, ikawa unapima maji ukidhani unapima dawa. Ifunge kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa mara tu unapomaliza.

Mizani ya kielektroniki ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Kabla ya kila kazi angalia kioo chake kimeandika nini pembeni ya namba. Karibu zote zina kitufe cha kubadili kizio kutoka g kwenda oz au lb, na nyingine zina ml, na kitufe hicho hubonyezeka kwa bahati mbaya wakati wa kuifuta. Aunsi moja ni gramu 28.35. Hiyo ml nayo ni ya kudhania tu. Mizani inakisia kwamba kilichowekwa juu yake ni maji. Kwa mafuta itakudanganya kwa kiasi kile kile nilichokieleza hapo juu.

Nisipotaja haya mengine nitakuwa nimekosa wajibu. Tia kostiki kwenye maji, usitie maji kwenye kostiki. Maji hayo yatapanda joto yenyewe bila moto, huweza kupita nyuzi 80 za Selsiasi kwa muda mfupi, kwa hiyo anza na maji ya baridi na ufanyie kazi nje, penye upepo. Usitumie sufuria ya alumini, na masufuria yetu mengi ni ya alumini: kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Tumia ndoo ngumu ya plastiki isiyolainika kwa maji ya moto, au chuma cha pua. Vaa glavu na miwani ya kinga. Kostiki ikikurukia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, na ikiwa ni jichoni nenda hospitali huku bado unasuuza. Watoto wasiwepo.

Sasa kipimajoto. Kile cha kupimia homa hakifai. Mwisho wake ni nyuzi 42 hivi, na ukikitia kwenye maji ya moto kitapasuka. Kinachofaa ni kile cha kioo cha maabara za shule, chenye spiriti ya rangi, kinachosoma kutoka −10 hadi 110, au kile cha kielektroniki chenye sindano ndefu ya chuma. Cha kielektroniki kina kitufe cha C na F. Kiangalie kila mara.

Kabla ya kukiamini, kijaribu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji safi kidogo tu ya kujaza mianya, koroga, tia kipimajoto, subiri dakika mbili tatu. Kinapaswa kusoma 0. Kisha kitie kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Kigombe, usawa wa bahari, kinapaswa kusoma 100. Kikisoma 97, basi tangu leo kwenye joto la juu ongeza tatu, na uandike hivyo kwenye kasha lake kwa kalamu isiyofutika. Lakini ukikipeleka Lushoto, kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yatachemka kwa karibu nyuzi 95, na hapo kipimajoto hakina kosa. Kadiri unavyopanda, hewa inayokandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwa maana hiyo hata 100 ya Selsiasi tuliyoizoea ina sharti lake: kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari, ambayo vitabu huiandika kuwa kilopaskali 101.325 au milimita 760 za zebaki.

Lushoto hiyo hiyo ndiko mkoa wetu ulikotoa swali linalojulikana na wanafizikia wa dunia nzima. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, Mpemba akahofia kuikosa, akaweka maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake aliyeweka ya baridi bado yalikuwa uji mzito. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akakuta kwamba wauza aiskrimu wa Tanga mjini walikuwa na desturi hiyo hiyo ya kuweka vitu vya moto ili vigande upesi.

Alipokuwa shuleni Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na Mpemba akauliza tena. Ninachotaka ukione ni namna alivyouliza. Alitaja vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo ulio sawa, kimoja kwenye nyuzi 35 za Selsiasi na kingine kwenye 100. Swali lenye “moto” na “baridi” lilikuwa limechekwa darasani. Swali lenye namba na vizio liliweza kupelekwa maabara, na Osborne alilipeleka. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo katika jarida la Physics Education, na jambo hilo linaitwa hadi leo athari ya Mpemba.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa athari hiyo katika kupoa kwa maji hadi nyuzi 0. Walionyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kuleta matokeo ya uongo. Heshima ya Mpemba haipungui hata chembe kwa hilo. Kijana aliyewaweka watu maabara kwa zaidi ya nusu karne amefanya kazi yake. Kwetu sisi, sentimita ile ni somo la jikoni. Maji ya kostiki yaliyo juu ya ndoo na yaliyo chini hayana joto moja. Koroga kwanza, kisha pima katikati, ncha isiguse kitako wala ukuta wa chombo, na usome kioo jicho likiwa usawa mmoja na spiriti.

Bahari iliyo mbele ya Kigombe inasema jambo hilo hilo. Silikanti, samaki wa kale ambaye hifadhi ya bahari ya Tanga ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili yake, hukaa chini, kwenye maji ya baridi kuliko yale ambayo mvuvi anayashika kwa mkono kutoka kwenye ngalawa. Wakulima wa mwani wanaorekodi joto la maji, hasa wanaopoteza ile aina nene ya cottonii msimu wa joto, waandike pamoja na namba: kina gani, saa ngapi, maji kupwa au kujaa. Vinginevyo rekodi ya mwaka huu haitalinganishwa na ya mwaka ujao.

Kwa wenye friji dikoni neno langu ni fupi. Kitabu cha friji kikisema weka 0, tafuta kizio. Sifuri ya Farenhaiti ni nyuzi 18 chini ya sifuri ya Selsiasi, na hapo samaki hukaa miezi. Sifuri ya Selsiasi ni joto la barafu inayoyeyuka, na hapo samaki hukaa siku tu. Na kwa wachimba chumvi: kile kielezo cha kioo kinachoelea kwenye maji ya chumvi na kusoma digrii za Baumé hakipimi joto, kinapima uzito wa maji kwa ujazo wake. Maji ya bahari yako karibu na 3.5, chumvi huanza kujijenga karibu na 25, na ukiyaacha mpaka 30 unaanza kuvuna uchungu wa magnesi. Lakini maji yaliyokaa juani hutanuka na kusoma pungufu. Ndani ya kioo kuna karatasi inayotaja joto ambalo kielezo kilitengenezewa, mara nyingi likiwa la chini kuliko joto la shamba lako. Chota maji kwenye ndoo, yaache kivulini yapoe, ndipo upime.

Wanafunzi wa kemia, sasa Kelvini. Kanuni za gesi hazikubali Selsiasi, na sababu yake ni sifuri. Gesi iliyo kwenye nyuzi 27 ukiipasha hadi 54 haijawa na joto mara mbili. Imetoka Kelvini 300 hadi 327, na ujazo wake umeongezeka kwa asilimia tisa tu. Ili ujazo uwe mara mbili, kanieneo isipobadilika, unahitaji Kelvini 600, yaani nyuzi 327 za Selsiasi. Ongeza 273 kabla ya kufanya chochote kingine, na andika K bila alama ya digrii. Vivyo hivyo msikariri kwamba moli moja ya gesi ni desimita za ujazo 22.4, mkaishia hapo. Hiyo ni kwa nyuzi 0 na kanieneo ya usawa wa bahari. Kwenye maabara ya Kigombe mchana wa Februari, nyuzi 32, moli ile ile inachukua desimita za ujazo 25. Ukizidisha 22.4 kwa 305 na kugawa kwa 273 utaiona mwenyewe. Beba vizio katika kila mstari wa hesabu, si kwenye jibu la mwisho peke yake: visipokatana sawasawa, kosa umelikamata kabla ya msahihishaji.

Linabaki suala la kufungasha. Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kuhakiki mizani ya biashara na uzito unaoandikwa kwenye vifungashio, kwa hiyo anayeuza sabuni nje ya kijiji aanze na mizani iliyohakikiwa. Alama ya gramu ni g ndogo, haina m wala s. Alama ya kilo ni kg, k ikiwa ndogo; K kubwa ni Kelvini. Na sabuni isiyopikwa motoni hukaushwa wiki nne hadi sita, ikipoteza maji siku kwa siku. Kipande kilichokuwa na gramu 120 siku ya kukatwa kitakuwa kimepungua siku ya kufungwa, kwa hiyo kipime siku ya kukifunga, na uzito huo ndio uandikwe kwenye karatasi.